"Watu" ni Nani? Jinsia na Uongozi wa Ibada kutoka Sinai hadi Nineveh

Mara nyingi hudaiwa kwamba sarufi ya Kiswahili haina ubaguzi wa jinsia. Kiambishi cha nafsi ya tatu hakimtengi mwanamke na mwanamume. "Kuhani", "nabii" na "rabi" aweza kuwa yeyote kati yao. Kwa msingi huo, yawezekana kuhitimisha kwamba ufeministi wa Kiyahudi, ambao kwa sehemu kubwa ulipambana na lugha ya kiume katika sala za Kiebrania na Kiingereza, hauna kazi kwa msomaji wa Kiswahili. Makala haya yanapinga hitimisho hilo.

Judith Plaskow, katika Standing Again at Sinai (1990), anakichunguza kifungu cha Kutoka 19:15. Watu wanajitayarisha kupokea agano, naye Musa anawaambia wasimkaribie mwanamke. Neno "watu" laonekana kuwa pana hadi hapo, ndipo inapodhihirika kwamba waliokuwa wakisemeshwa ni wanaume peke yao. Tafsiri ya Kiswahili haiwezi kuiponya kasoro hii, kwa kuwa haimo katika viambishi. Imo katika uteuzi wa anayesemeshwa. Tena sura hiyo husomwa sinagogini katika Sikukuu ya Majuma, hivyo kila mwaka mwanamke Myahudi husikia agano lake likitangaziwa wengine.

Hali hii yafaa kulinganishwa na isukuti ya Waisukha, jamii ya Khayega na viunga vyake. Katika ngoma hiyo wanaume na wanawake huwa katika safu mbalimbali, naye mwimbaji kiongozi huongoza kwa mdundo wa ngoma tatu. Utengano upo, lakini unaonekana: safu ya wanawake ina mahali pake, na anayetaka kuhoji ni nani aongoze wimbo ana pa kuanzia. Pale Sinai safu ya pili haionekani kabisa. Msomaji wa Khayega ana haki ya kuuliza iko wapi.

Kusini mwa Khayega, huko Vihiga, swali hilo lilipata jibu la kihistoria. Kanisa la African Israel Nineveh, lililoanzishwa mwaka 1942 na Daudi Zakayo Kivuli, ni la Kikristo, ila lilijitwalia jina la Israeli na baadhi ya miiko ya Torati, kama ule wa nyama ya nguruwe. Katika Torati, ukuhani ni wa wana wa Haruni. Hata hivyo, Kivuli alipofariki mwaka 1974, mkewe, Rabecca Jumba Kivuli, alishika uongozi akiwa kuhani mkuu. Kanisa liliishika Torati mezani, likailegeza madhabahuni. Lakini mhakiki asishangilie upesi. Mamlaka ya mama huyo yalipitia ujane, kisha yakamwendea mjukuu wa kiume. Akitajwa kuwa "mjane wa mwanzilishi" tu, jina hilo huimeza kazi yake, kama vile "watu" linavyowameza wanawake wa Sinai.

Mkabala unaohoji kanuni za jinsia na mapenzi hulisogeza swali mbele zaidi: je, "wanawake" nalo halimezi? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Susannah Heschel aliweka chungwa mezani pa Pasaka, kuwa ishara ya mshikamano na Wayahudi wapendao watu wa jinsia yao. Baadaye ikaenea simulizi nyingine: eti mwanamume mmoja alisema kwamba mahali pa mwanamke si jukwaani pa sinagogi, kama vile mahali pa chungwa si sahani ya Pasaka. Heschel ameikanusha. Wanafunzi wa fasihi simulizi wataona kilichotokea katika usimulizi: wazo la mwanamke limetiwa kinywani mwa mwanamume, na wale waliokusudiwa wametoweka. Nchini Kenya, ambako mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kubatilisha vifungu vya sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, kutoweka huko si jambo la mtindo wa usimulizi tu.

Kwa kuhitimisha, kutokuwa na alama ya jinsia si sawa na kutokuwa na ubaguzi. Lugha yenye alama humwonyesha mhakiki mahali pa kugomba. Kiswahili chaweza kumfungia mtu nje bila kuacha hata nyayo mlangoni. Kwa hiyo kazi ya mhakiki wa matini za ibada ni kuuliza, kila anapokutana na neno la jumla, ni nani aliyehesabiwa ndani yake.