Kosa la Julai 2019: Rider Ilivyoihamisha Westminster

Mwanzoni mwa Julai 2019, mauzo kwa kampuni ya China yalipovunjika, Chuo Kikuu cha Rider kilitangaza kwamba Westminster Choir College itaondoka Princeton na kuhamia kampasi kuu ya Lawrenceville, jimboni New Jersey, ifikapo Septemba 2020. Wengi mpaka leo wanalia na yale mauzo. Mimi nalia na hilo tangazo. Biashara ile ilivunjika na chuo kikabaki kimesimama, kina kumbi zake, ogani zake na jina lake. Kilichokivunja mgongo ni kuhamishwa, na aliyeamua kuhamisha hakusukumwa na mtu.

Historia mnaijua, nitapita haraka. John Finley Williamson aliianzisha shule hii Dayton, Ohio, mwaka 1926, akaileta Princeton mwaka 1932. Ilipoyumba kifedha, Rider iliichukua mwaka 1992, na kwa hilo Rider inastahili shukrani. Machi 2017 chuo kikuu kikasema kinauza. Mwaka 2018 akapatikana mnunuzi, Kaiwen, kampuni iliyokuwa ikitengeneza vyuma vya madaraja kabla ya kuingia kwenye elimu, kwa dola milioni 40. Kesi zikafunguliwa, hata seminari ya Princeton ikaingia mahakamani kudai haki yake juu ya ardhi. Mauzo yakafa.

Hapo ndipo penye kosa, na naomba tupakague polepole.

Kati ya Princeton na Lawrenceville hazifiki kilomita 15. Mtu wa bajeti akiitazama ramani anaona kampasi mbili, walinzi mara mbili, bili za umeme mara mbili. Anauliza kwa nini wanafunzi wa muziki wasisome walipo wenzao wa biashara na ualimu. Swali linasikika la busara mpaka umuulize mpiga ogani.

Ogani ya mabomba haihami kama piano. Fundi anapoiweka huchukua bomba mojamoja, akaligusa mdomoni, akapanua au akabana tundu la upepo miguuni, analipiga, anashuka, anakwenda kusimama mwisho wa ukumbi kusikiliza, anarudi kulirekebisha tena. Anafanya hivyo kwa mamia ya mabomba, kwenye ogani kubwa maelfu, na kipimo chake ni kimoja: chumba kile, urefu wa dari ile, kuta zile. Ukiing'oa ogani hiyo ukaisimamisha penye dari fupi na zulia, umehamisha mbao na madini, kazi ya sikio la fundi imebaki kulekule ulikoitoa. Westminster ilikuwa na ogani za aina hiyo kwa wingi, za kumbini na zile ndogo za vyumba vya mazoezi, ambamo mwanafunzi alijifungia alfajiri na viatu vyake vya pedali kabla darasa la kwanza halijaanza. Mpiga ogani hawezi kujifanyia mazoezi bwenini. Akikosa chumba, amekosa siku nzima.

Halafu kuna ukumbi mpya. Mwaka 2014 Westminster ilifungua jengo la Cullen huko Princeton, ndani yake ukumbi wa Hillman, uliojengwa kwa ajili ya mazoezi na maonyesho ya kwaya. Wafadhili walitoa fedha zao wakijua zinakwenda wapi. Miaka sita baadaye kwaya ikahamishwa. Chuo kinachomjengea mwimbaji chumba kisha kinamtoa kabla rangi ya ukutani haijachakaa hakikuwa na mpango, na hakuna hesabu ya walinzi na umeme itakayonishawishi vinginevyo. Rider ilikarabati na kupanua nafasi za muziki Lawrenceville. Sina neno na ukarabati wenyewe.

Nimeandika mara nyingi katika safu hii, na nitaendelea kuandika, kwamba kwaya hujifunza kusikia kabla ya kuimba. Mwimbaji hupata sauti yake ikimrudia kutoka ukutani pamoja na ya jirani. Chumba kikavu kinamnyima jirani, naye anaanza kujisukuma. Nyinyi mliowahi kuitoa kwaya ya usharika kwenye kanisa la mawe mkaipeleka chini ya turubai la mkutano wa injili, mnajua kilichowapata tenori wenu: walipiga kelele toka wimbo wa kwanza, na besi zikapotea. Sasa fikiria hayo kwa vijana ambao hiyo ndiyo digrii yao.

Na hapa nawageukia wale niliokwisha kubishana nao miaka mingi, wanaodhani umoja wa kwaya hupatikana kwa kunyoosha kila sauti mpaka ifanane na uzi. Huko Minnesota, St. Olaf ya F. Melius Christiansen ilijenga sifa kwa njia hiyo, sauti nyembamba zisizotikisika, nami naiheshimu. Williamson alikataa. Alitaka kila mwimbaji aimbe kwa mwili wake wote, kama mwimbaji wa peke yake, na mchanganyiko upatikane kwa pumzi, vokali na kusikilizana. Njia hiyo ni ngumu zaidi na inadai chumba zaidi. Ukitaka kuiua, itoe chumbani mwake.

Anayebisha asikilize Mahler ya Pili ambayo Leonard Bernstein aliirekodi na New York Philharmonic mwaka 1987, kwaya ikiwa ni Westminster, iliyoandaliwa na Joseph Flummerfelt. Pale kwaya inapoingia, Mahler ameandika ppp, na okestra imenyamaza. Kwaya nyingi hapo hukwepa kwa kunong'ona. Sauti inakuwa hewa tupu. Vijana wa Flummerfelt wanaimba kweli. Noti ina kiini, vokali ni moja kutoka soprano hadi chini, na besi za pili zinateremka mpaka B flati ya chini kabisa bila kukwaruza. Kuimba kidogo hivyo kwa sauti kubwa iliyofundishwa ni kazi ya miaka. Flummerfelt aliishika kazi hiyo kuanzia 1971 hadi 2004, na tangu hapo sijamsikia wa kumfikia.

Miaka hiyo ilikuwa na ngazi. Wa mwaka wa kwanza waliimba Chapel Choir, wa pili Schola Cantorum, waliokomaa wakapanda Symphonic Choir na kusimama mbele ya okestra za New York na Philadelphia. Mdogo alijifunza kwa kusimama karibu na mkubwa katika kumbi zilezile. Hamisho likatekelezwa mwaka 2020, mwaka wa korona, kuimba pamoja kumepigwa marufuku karibu kila mahali. Waliosajiliwa mwaka huo hawakuupata ukumbi wa zamani na hawakumpata mkubwa wa kusimama naye. Rider ingeweza kuahirisha. Haikuahirisha. Mwaka huohuo Joe Miller, aliyeongoza kwaya baada ya Flummerfelt, akaenda Cincinnati, kwenye konsavatori iliyo ndani ya chuo kikuu tangu 1962.

Wanaosema chuo kikuu na konsavatori haviwezi kukaa pamoja kwa majengo mbalimbali, waende Rochester. George Eastman aliikabidhi University of Rochester shule ya muziki mwaka 1921, ikawekwa mtaa wa Gibbs katikati ya mji. Kampasi kubwa ya mtoni ilipofunguliwa mwaka 1930, hakuna aliyeibeba Eastman kuipeleka huko. Howard Hanson aliiongoza miaka 40 palepale Gibbs, na mwanafunzi anayetaka somo la chuo kikuu anapanda basi. Peabody nayo ilijiunga na Johns Hopkins mwaka 1977 na imebaki Mount Vernon, Baltimore, mbali na kampasi kuu ya Homewood. Vyuo hivyo viwili navyo vilikuwa na watu wa bajeti, ila pale aliyeamua alijua kwamba ukumbi ni sehemu ya ala.

Baraza la mji wa Princeton lilichukua hatua ya kulitwaa eneo lile la zamani kwa matumizi ya umma. Litapokea mapendekezo mengi, ya viwanja, ya ofisi, ya shule. La kwangu ni ukumbi wa Hillman: ubaki ukumbi wa kwaya, na vijana wa Lawrenceville waletwe kwa basi jioni tatu kwa wiki wafanye mazoezi humo, kuanzia wale wa mwaka wa kwanza.