Kuchanganya Ndimi katika Mstahiki Meya

Katika Karatasi ya Pili, mtahiniwa akiulizwa kwa nini watu hubadili mtindo wa kuzungumza, hutaja uhusiano, hadhi, mada na mahali, akazoa alama. Katika Karatasi ya Tatu, enzi tamthilia hii ya Timothy Arege (2009) ilipokuwa ikitahiniwa, mtahiniwa yuyo huyo alimkuta Meya Sosi akichopeka Kiingereza katika Kiswahili, naye aliandika tu "kuchanganya ndimi". Basi! Hakumuuliza Meya: unasema na nani, na unataka nini kwake? Kwa maoni yangu, Kiingereza hicho hakiongezi habari yoyote. Kinaongeza umbali baina ya Meya na wakazi wa Cheneo. Kosa si la mwanafunzi. Sisi walimu ndio tunaofundisha isimujamii Jumatatu na tamthilia Alhamisi, kana kwamba hazijuani.