Wakaanga Samaki wa Homa Bay na Migori

Katika fuo za Ziwa Viktoria, kuanzia Mbita na Sindo katika Kaunti ya Homa Bay hadi Sori na Muhuru Bay katika Kaunti ya Migori, wanawake wanaokausha na kukaanga samaki wanastahili pongezi ambazo ni nadra kupewa. Omena, yaani dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku kwa taa, kisha huanikwa juani juu ya nyavu kuukuu, ambako mchuuzi huwageuzageuza na kuwakusanya mbio wingu linapotanda, kwa kuwa mvua moja yaweza kuwaozesha. Wakishakauka, huoshwa kwa maji moto ili mchanga utoke, hukaangwa hadi wakakamae, ndipo hutiwa vitunguu na nyanya na kuliwa kwa kuon, ambao ni ugali wa Wajaluo. Ule mweusi wa mtama na muhogo ndio unaofaa zaidi.

Ustadi mkubwa kuliko huo ni wa mgongo wazi, yaani mifupa ya sangara, ambaye Wajaluo humwita mbuta, inayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa kwa ajili ya masoko ya ng'ambo. Mabaki hayo, yenye kichwa na nyama iliyong'ang'ania uti wa mgongo, wakaangaji huyatumbukiza katika karai la mafuta yanayochemka na kuyauza kando ya barabara kwa bei ambayo mwenye kipato kidogo huimudu. Serikali za kaunti hizo mbili ziwajengee vichanja vya kuanikia na vibanda vyenye maji safi.