Mbuni wa Ruiru na Kiu ya Kipandikizi

Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, nchini Kenya, kilipowatolea wakulima, mwaka 1985, mbuni mfupi uitwao Ruiru 11, wenye kustahimili chulebuni na kutu ya majani, neema hiyo ilikuja na uzito wake: mbegu halisi hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, na mbegu aokotayo mkulima chini ya mti wake haiaminiki kuichukua nasaba ya mama kwa ukamilifu. Ndipo kipandikizi kilipopata heshima, maadamu kipande cha mti hakina baba, na kila kilicho nacho ni cha mama.

Lakini si kila kipande kifaacho: tawi la ubavuni, hata likitoa mizizi, litatambaa ubavuni maisha yake yote. Sharti litwaliwe chipukizi lililosimama wima. Na ili machipukizi hayo yapatikane kwa wingi, shina la mama huinamishwa, macho yaliyolala yakaamka.

Chipukizi hukatwa vipande, kila kimoja na fundo moja na jozi moja ya majani, kisha majani hupunguzwa nusu. Kwangu mimi hikima yote imo katika mkato huu mdogo wa mkasi. Jani hupoteza maji kwa jua na upepo ilhali mizizi ya kuyarudisha haijazaliwa. Walakini likiondolewa lote, kipande hukosa chakula cha kuumbia mizizi hiyo. Nusu ya jani, basi, ni suluhu baina ya mahasimu wawili. Kwa sababu iyo hiyo kitalu hufunikwa kwa nailoni chini ya kivuli, hewa ya ndani ikalowa hata matone yakaning'inia, huku mchanga wa chini ukipitisha maji upesi, kwani penye maji yaliyotuama kipande huoza.

Aliye na ua mdogo mjini Thika atatumia chupa ya maji iliyokatwa kitako, aifunike juu ya kopo la mchanga, iwe ni mbuni, waridi au rosemari. Waridi na rosemari hazidai miezi mingi. Mbuni hudai mitatu au zaidi, na mimi niliwahi kuviua vipandikizi vyangu kwa kuving'oa kila Jumapili nitazame mizizi.

Mizizi ikisha kuota, usiliondoe funiko lote siku moja. Anza kwa upenyo wa vidole viwili, asubuhi, kabla jua halijawa kali.