Mufwankolo: Ufundi wa Kukaa Ndani ya Mtu Mmoja

Ukimtaja Odilon Kyembe Kaswili mjini Lubumbashi, wengi watakuuliza ni nani. Ukisema Mufwankolo, mwenye umri wa kukumbuka televisheni ya enzi za Zaire ataanza kucheka kabla hujamaliza. Ni mtu yuleyule. Jina la jukwaani lilimeza jina la kuzaliwa, kisha likawa jina la kundi zima, Groupe Mufwankolo, ambalo kwa miaka mingi liliigiza kwa Kiswahili redioni na kwenye televisheni ya taifa, kituo cha Lubumbashi.

Watu humsifu kwa neno moja, kwamba anachekesha, wakaishia hapo. Kicheko ni kweli kilikuwapo, lakini kicheko ni mavuno. Mimi nataka kutazama shamba lilivyolimwa.

Kuna njia mbili kubwa za kuwa mwigizaji asiye shujaa wa hadithi, yule ambaye uso wake unajulikana na jina lake halishikiki. Njia ya kwanza ni ya kubadilika. Waingereza wana mafundi wengi wa njia hii, na ninayempenda zaidi ni Pete Postlethwaite, aliyezaliwa Warrington mwaka 1946 na kufariki mwanzoni mwa 2011. Alipitia Everyman Theatre ya Liverpool, akaja kujulikana duniani kwa filamu, na katika Brassed Off ya mwaka 1996 aliigiza kiongozi wa bendi ya wachimba makaa ambao mgodi wao unafungwa. Mtu wa Katanga, eneo letu la migodi ya shaba, haelezwi mara mbili filamu hiyo inasema nini. Postlethwaite alikuwa leo mwanasheria, kesho baba gerezani, keshokutwa mfalme Lear, na kila mara mifupa ya uso wake ilikuwa ileile ila mtu aliyekaa ndani yake alikuwa mwingine.

Njia ya pili ni ya kubaki. Unachagua mtu mmoja, unampa jina, mwendo na namna yake ya kukasirika, halafu unakaa naye maisha yako yote. Afrika yetu ya Kiswahili imewalea wengi wa namna hii. Kule Kenya Benson Wanjau, Mkikuyu, alizungumza kwa lafudhi ya Kijaluo miaka na miaka katika Vitimbi, hata alipofariki mwaka 2015 taifa lilimlilia Mzee Ojwang. Tanga ilimtoa Amri Athumani, ambaye Tanzania nzima ilimzika mwaka 2018 kwa jina la King Majuto. Mufwankolo ni wa ukoo huo.

Nimesikia watu wakiiona njia hii ya pili kuwa rahisi, kana kwamba mwigizaji amepata vazi moja linalomtosha na halivui tena. Sikubaliani kabisa. Anayebadilika anaanza upya kila mchezo, na makosa yake yanazikwa pamoja na mchezo uliopita. Anayebaki anadaiwa kila alichowahi kufanya. Watazamaji wa mitaa ya Katuba na Kamalondo hapa Lubumbashi wanamjua mtu huyo kama wanavyomjua shemeji yao, na akifanya jambo ambalo si lake watalinusa mara moja. Akifanya yaleyale tu, watachoka. Kwa hiyo kila kisa kipya, kiwe ugomvi wa nyumbani, mshahara ulioishia njiani au wakwe waliofika bila taarifa, lazima kimkute mtu yuleyule mahali ambapo hajawahi kukutwa. Hiyo ni hesabu ngumu, na Groupe Mufwankolo waliifanya bila karatasi.

Ndiyo, bila karatasi. Hapo ndipo ufundi wao unaponishangaza zaidi. Hawakuwa na mwandishi aliyewagawia maneno ya kukariri. Kwanza kisa kilizungumzwa: nani anataka nini, nani anamzuia, mambo yanaharibikia wapi. Kisha kikakatwa vipande, kila kipande na watu wake, nafasi zikagawanywa. Maneno yenyewe yalizaliwa mtu akiwa amesimama mbele ya mwenzake, na siku ya pili hayakurudi yalivyokuwa.

Tunajua haya kwa undani kwa sababu ya mchezo mmoja wa mwaka 1986. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifanya utafiti Lubumbashi tangu miaka ya 1960, aliandaliwa kuku nyumbani kwa marafiki, na katika habari ya firigisi akasikia msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayakatwi. Wenzake walimwambia kwa Kifaransa: le pouvoir se mange entier. Akawauliza waigizaji wa Groupe Mufwankolo wanauelewaje. Badala ya kumpa jibu la mezani, walisema watautengenezea mchezo. Wakakaa, wakabishana juu ya maana yake, wakatafuta kisa cha kijiji na chifu wake, wakafanya mazoezi, na mwishoni wakauigiza katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, kamera za televisheni zikiwapo na wanakijiji wakiwa sehemu ya tukio. Ukumbuke ni wakati gani. Nchi ilikuwa na chama kimoja na rais mmoja, na hawa walikuwa wakijadili hadharani, mbele ya kamera za serikali, jinsi mamlaka yanavyoliwa.

Fabian alirekodi mazungumzo na mazoezi pia, akayaandika katika Kiswahili cha waigizaji wenyewe, na kuyachapisha mwaka 1990 katika kitabu cha Power and Performance. Nawasihi wanaopenda jukwaa wayasome kwa sauti. Utaona kipande kilekile kikipita kwenye mazoezi na kurudi siku ya kamera: maneno yamehama, lakini fundo la kisa liko palepale lilipofungwa. Asiyejua kazi hii hudhani kubuni papo hapo ni kusema lolote linalokujia. Kumbe ni kubeba kisa kichwani huku ukimsikiliza mwenzako kwa makini kuliko unavyojisikiliza, kwa sababu neno lako linalofuata liko mdomoni mwake. Ukisema mengi umemziba. Ukinyamaza kupita kiasi umemwangusha.

Mtazame anayeigiza chifu katika mchezo wa namna hiyo. Hana la kufanya litakalomfanya mkubwa. Akipaza sauti, anakuwa mlevi wa kilabuni. Akijivuna, anakuwa karani. Ukuu wake unatengenezwa na wengine: anayepiga makofi ya heshima kabla ya kusema, anayeinama, anayengoja aruhusiwe kuinuka. Yeye kazi yake ni kukubali kupokea, kukaa, kuchelewa kidogo kujibu salamu. Kuchelewa huko kukizidi, heshima inageuka kichekesho; kukipungua, hakuna chifu. Mwigizaji mwenye tamaa ya kuonekana hawezi kamwe kazi hii, maana kila anapojitutumua anawanyang'anya wenzake kile wanachomjengea. Katika Groupe Mufwankolo jina lilikuwa la mtu mmoja, lakini kusikilizana kulikuwa kwa wote.

Halafu kuna lugha. Mji huu uliozaliwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville ulijazwa watu na shaba: kampuni ya Union Minière ilileta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda na Burundi, na ng'ambo ya mpaka katika Rhodesia ya Kaskazini, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi, kisha ya nyumba, kisha ya watoto. Ni Kiswahili chenye mutu na batu, chenye Kifaransa kinachoingia na kutoka bila kubisha hodi. Shuleni na kanisani watu walifundishwa Kiswahili kingine, kilichopigwa pasi. Mufwankolo na wenzake walichukua kile cha sebuleni na sokoni, wakakipeleka mbele ya kamera jinsi kilivyo. Sikio la mwigizaji wa hapa linapaswa kujua mzee wa Kamalondo anapunguza mwendo wapi, kijana aliyesoma anatupia Kifaransa neno gani ili amtishe babaye, na jinsi mama anavyorudi kwenye lugha ya kijijini kwake hasira ikishapanda. Ni ujuzi usiofundishwa chuoni. Hupatikana kwa kukaa na watu na kuwapenda.

Katikati ya mji limesimama jumba la maonyesho lililosanifiwa na Claude Strebelle miaka ya 1950, enzi ambapo mji uligawanywa kwa rangi ya ngozi. Baada ya uhuru likageuzwa ukumbi wa wabunge wa Katanga. Ni jengo zuri, nami nalipenda. Lakini historia ya uigizaji ya Lubumbashi iliandikwa zaidi kwenye nyumba za watu, mbele ya redio na kwenye televisheni moja iliyozungukwa na majirani.

Wasomi wamefanya sehemu yao. Mwaka 1981 Walter Schicho na Mbayabo Ndala walichapisha mjini Vienna kitabu kizima kuhusu Groupe Mufwankolo, na Fabian akafuata. Nawashukuru kwa dhati. Hata hivyo maandishi yanahifadhi neno, hayahifadhi jicho lililoinuka kabla ya neno hilo, wala ule ukimya mfupi ambao ndio uliokuwa ukiwaangusha watu kwa kicheko. Vitu hivyo viko kwenye kanda tu, na kanda za sumaku huoza, hasa kwenye joto na vumbi letu.

Basi ombi langu ni kwa yeyote aliyewahi kurekodi michezo hii nyumbani, na kwa warithi wa waliofanya kazi redioni na kwenye televisheni. Msizitupe kaseti hizo wala msirekodi kitu kingine juu yake. Zipelekeni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, au kwa fundi yeyote mwenye mashine inayofanya kazi, zinakiliwe mwaka huu huu wakati bado zinasikika.