Kijiherufi 'i' na dinosaria wa Tendaguru

Kati ya 1909 na 1913, mamia ya wachimbaji Waafrika walifukua visukuku vya dinosaria kwenye kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, katika koloni la Wajerumani. Walivibeba vichwani hadi pwani, na meli zikavipeleka Berlin. Hayo yameandikwa sana. Mimi leo nimeshikwa na kijiherufi kimoja tu: 'i'.

Katika Kilatini cha wanasayansi, 'i' hiyo mwishoni mwa jina hufanya kazi ya 'wa' yetu. Brachiosaurus brancai, jina alilolitoa Werner Janensch mnamo 1914, ni Brachiosaurus 'wa Branca', mkurugenzi wa makavazi ya Berlin. Dicraeosaurus hansemanni ni 'wa Hansemann', mwenyekiti wa kamati iliyochangisha fedha. Na Dysalotosaurus lettowvorbecki, wa 1919? Ebo! Huyo ni wa jenerali Lettow-Vorbeck, aliyekuja huku kupigana, si kuchimba mifupa.

Utaambiwa jina ni lebo tu. Sikubali. Mbona basi lebo zikaegemea wenye vyeo, mifuko na bunduki?

Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, alingoja hadi 2007, Kristian Remes alipomwita dinosaria mmoja wa Tendaguru Australodocus bohetii. Imechelewa, naam. Lakini tazama: Branca, Hansemann na Lettow-Vorbeck ni majina ya ukoo. Amrani ni babake. Boheti ni yeye mwenyewe.