Michembe na matobolwa: jua lilivyofanywa ghala

Michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, ikimiminwa kwenye debe sokoni Kahama hulia kama kokoto, na wengi huihesabu chakula cha njaa. Hoja yangu ni kwamba hii ni teknolojia, tena iliyofuata kwa makini udongo, wadudu na jua la Usukumani. Mvua hapa ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Viazi vitamu vikiachwa shambani kiangazi, udongo hupasuka, fukusi hupenya kwenye nyufa na kiazi huwa kichungu. Vikichimbwa vikawekwa vibichi, havichukui muda kuoza. Kilichobaki ni kuyatoa maji. Kiazi kibichi kina maji karibu asilimia 70. Yakishuka hadi 12 hivi, ukungu haupati pa kuota, na kilo 10 zilizomenywa hubaki tatu na ushee.

Ufundi wenyewe uko kwenye njia mbili. Kwa michembe, kiazi humenywa, huachwa kinyauke, ndipo hukatwa vipande na kuanikwa, mara nyingi juu ya majabali, ambayo hupata moto na kukausha vipande kwa chini pia. Kwa matobolwa, kiazi huchemshwa kwanza. Kinapopata moto, wanga wake hulainika na sehemu yake hugeuka sukari, ndiyo maana tobolwa ni tamu na hutafunwa hivyo hivyo njiani, wakati michembe hungoja chungu na karanga. Mavuno ni yaleyale, lakini akiba ni mbili: moja ya safari, moja ya jikoni. Wakazi wa mabonde ya Himalaya wana hesabu kama hii: Ladakh huanika aprikoti, Nepal huchachusha mboga za majani na kuzikausha kuwa gundruk, wakingoja baridi kama sisi tungojavyo mvua.

Wapo wanaosema jua huua vitamini A. Ni kweli kwa viazi lishe vya rangi ya chungwa, hasa vikikaa ghalani miezi mingi; hivyo vifunikwe na viliwe mapema. Lakini viazi vyeupe tangu mwanzo havina vitamini hiyo ya kupoteza, na kazi ya viazi hivyo ni kushibisha. Hoja kwamba vumbi na mbuzi huvifikia vipande vilivyoanikwa ina uzito zaidi, ila dawa yake ni chanja iliyoinuliwa na chandarua juu. Kisu, mkato na siku za kuanika vibaki vilevile.